Nahodha Wengi, Kola Moja

Hivi aliyebuni kivuli cha boti alikuwa na ugomvi gani na wenye boti? Ukikitazama kwa mbali ni kitu cha kiungwana kabisa: turubai juu, mabomba yaliyopindwa matao chini yake, mikanda mbele na nyuma, na wewe umekaa pale unapepewa. Sasa sogea karibu. Utakuta uhai wa jengo lote hilo umening'inia kwenye kikola, yaani kipete cha kushikia bomba, cha nailoni kisichozidi ukubwa wa kidole gumba, kimekazwa na skrubu moja. Moja! Bomba ni la chuma cha pua, linang'aa hadi unajiona uso. Turubai ni nene, limeshonwa mara mbili mbili. Halafu kinachoyashika yote hayo pamoja ni plastiki.

Na plastiki yenyewe imewekwa wapi? Juani. Kidude kinachotupatia kivuli sisi sote, chenyewe hakipati kivuli. Miale ya jua inaila nailoni taratibu, weusi unageuka kijivu, kijivu kinatoa unga ukipitisha kidole, kisha unatokea ufa mwembamba wa unywele kuanzia kwenye tundu la skrubu. Kila siku ni hapo hapo, kwa sababu hapo ndipo palipobanwa. Na hakivunjiki boti ikiwa imefungwa gatini mmetulia, thubutu! Kinasubiri muwe mwendoni, upepo wa ubavu, wageni wamevaa kofia zao nzuri. Tap! Tao la nyuma linapiga magoti, turubai linaanza kupiga makofi, na wageni wote wanakugeukia wewe utadhani ndiye uliyeleta upepo.

Upepo nao hauna huruma ya hesabu. Ukiongeza mwendo maradufu, unalisukuma turubai si mara mbili bali mara nne. Ndiyo maana wanaojua hukikunja kivuli kabla ya kukanyaga mafuta, na hukikunja pia wakiivuta boti kwa gari barabarani. Mwambie hayo mgeni aliyelala chini yake amefumba macho, uone atakavyokujibu.

Basi kikishavunjika ndipo unapogundua kwamba gati zima ni mafundi. Nahodha wengi, chombo huenda mrama, walisema wahenga, na walisema kabla hawajamwona shemeji yangu. Shemeji hajagusa boti, hajainama, mikono iko mfukoni. "Shemeji, hiyo ni ya inchi moja. Mimi naiona kwa macho."

Kwa macho! Inchi moja ni milimita 25.4. Lipo na bomba la inchi saba kwa nane, ambalo ni milimita 22.2. Halafu wenye kutumia milimita nao wakatengeneza ya kwao, 22 kamili na 25 kamili, ili ugomvi usiishe. Yote manne yanang'aa sawa na yamepindwa sawa, na ukiyashika gizani huyatofautishi. Lakini kola ya 25.4 ukiivika bomba la 25, skrubu unaikaza mpaka mkono unauma na kola bado inateleza. Ya 25 ukiilazimisha kwenye 25.4, inaingia kwa kukwaruza, kisha inapasuka kabla hata haijaonja jua. Macho ya shemeji hayana alama za milimita.

Mwingine akaniambia nipime ile kola iliyovunjika. Kaka, imepasuka! Imepanuka mdomo, sasa nikipima ninapima nini, ufa? Kinachopimwa ni bomba, kwa nje, mahali pasipopindwa, maana kwenye kona bomba hubonyea na kuwa yai. Mwenye kalipa, kile kipimio cha taya mbili, amemaliza kazi. Asiye na kalipa akate kipande chembamba cha karatasi, akizungushe kwenye bomba, atie alama kinapokutana, kisha akilaze juu ya rula. Bomba la 22.2 litampa karibu milimita 70. La 25.4 litampa karibu 80. Tofauti ya milimita tatu mliyokuwa mnaigombania kwa macho imekuwa sentimita nzima, hata shemeji anaiona. Hata kati ya 25 na 25.4 unapata zaidi kidogo ya milimita moja kwenye karatasi. Karatasi tu, jamani.

Nikadhani nimemaliza. Muuzaji wa spea akaniuliza swali moja: "Ya nje au ya ndani?"

Maana vidude hivi ni ukoo. Kuna kola yenye taya mbili, hiyo inavaa bomba katikati na kuling'ata tao la pili. Kuna kichwa chenye tundu, kinachokaa mwisho wa bomba na kuingia kati ya zile taya, pini inapita, imeisha ndoa. Na kuna bawaba ya chini, inayofungwa sitahani. Sasa kichwa chenye tundu kina matawi mawili: kinacholifunika bomba kwa nje, na kinachochomekwa ndani yake. Cha kuchomeka ukikitaka, kipimo cha nje hakikusaidii kitu, lazima ujue na unene wa ukuta wa bomba. Bomba la 25 lenye ukuta wa 1.5 lina uwazi wa 22. Ukuta ukiwa 1.2, uwazi ni 22.6. Mtu amekuja kununua kidude, anaondoka na mtihani wa hesabu.

Pini nayo. Kuna ya milimita 6, kuna ya robo inchi, ambayo ni 6.35. Ya 6 kwenye tundu la 6.35 inaingia vizuri sana, na hilo ndilo tatizo, kwa sababu inacheza, na kila wimbi linalopita inagonga, inagonga, inapanua tundu, mpaka kelele zinakukosesha raha na kola mpya inaanza safari ya mwenzake.

Hapo ndipo alipotokea jirani wa boti ya pili na sumaku. Anataka kunithibitishia kama kola yangu mpya ya chuma cha pua ni ya daraja la 316, ile ya baharini, au ni 304 ya jikoni. Jirani, sumaku haitakuambia hilo. Zote mbili kwa kawaida haziikubali sumaku, au zinaikubali kidogo tu zikishapindwa na kugongwa kiwandani. Tofauti kubwa ni kwamba 316 imetiwa metali iitwayo molibdeni, asilimia mbili hadi tatu, na hiyo ndiyo inayoisaidia kuvumilia chumvi. Anayeijua ni aliyeitengeneza. Wewe soma chapa yake kama ipo, na kama haipo subiri madoa ya kutu ya rangi ya chai. Jirani akaipachika sumaku yake kwenye injini na kuondoka ameridhika.

Lakini yote hayo ni maneno. Balaa lenyewe ni kuitoa ile ya zamani. Skrubu ya kola ina tundu la pembe sita, limejaa chumvi. Kwanza unalichokoa kwa msumari mpaka uone chini, unapulizia mafuta ya kulegeza, unaliacha linywe. Shemeji hana subira ya kunywesha. Amechomeka spana ya L ya milimita 3, imeingia. "Si nilikuambia?" Imeingia, ndiyo, kwa sababu tundu lenyewe ni la inchi moja kwa nane, yaani 3.175. Spana inazunguka kidogo kabla haijashika. Akaizungusha kwa nguvu. Ukasikika mlio mdogo, krrk, na pembe sita zikawa duara safi. Chuma laini kimetoka kinametameta kwenye ncha ya spana. Shemeji akaitazama spana, akanitazama mimi, akasema siku hizi vitu ni feki.

Ikabidi drili. Kichwa cha skrubu kikatoka kwa vumbi, na chini yake unga mweupe umejaa. Unga ule ni wa alumini: ndani ya ile nailoni mlikuwa na nati ya alumini na skrubu ya chuma cha pua, maji ya chumvi katikati, na metali mbili za aina hiyo zikikaa majini pamoja, iliyo dhaifu inaliwa. Dawa yake ni grisi ya kuzitenganisha, inapakwa kwenye nyuzi za skrubu kabla ya kuifunga. Kidogo tu. Kiwandani hawakupaka. Sijui waliona uvivu au walitaka turudi.

Sasa sikilizeni habari ya kola nzima na kola ya kufunguka, kwa sababu hapa ndipo watu wanapolia. Kola nzima ni pete, na pete huvalishwa kutokea ncha ya kidole. Maana yake ufungue zipu ya turubai, uivue mikanda, ung'oe bawaba, utoe kichwa cha bomba, ndipo uiteleze kola mpaka mahali pake, kisha urudishe ulimwengu wote ulivyokuwa. Ya kufunguka ina bawaba ubavuni: unaifungua, unalikumbatia bomba pale pale lilipo, unafunga bolti. Aliyebuni hii ya pili namwombea dua kila nikipita gatini. Aliyebuni ya kwanza tutakutana.

Nilichukua ya kufunguka. Kabla ya kugusa chochote nilibandika utepe kwenye bomba pale ile ya zamani ilipokuwa, maana ikihama kidogo turubai halikazi tena na maji ya mvua yanafanya bwawa juu ya vichwa vyenu. Tao nikalifunga kwa kamba, kwa sababu ukichomoa pini bila kamba tao linashuka lenyewe, na linashuka juu ya vidole. Shemeji nilimpa kazi ya kushika kamba. Aliishika kwa mkono mmoja, wa pili ulikuwa na simu.

Na nilichukua mbili. Muuzaji alishangaa, iliyovunjika si moja? Moja, ndiyo, lakini pacha wake wa upande wa pili amezaliwa siku moja naye, amekaa jua lile lile, na unga ameshaanza kuutoa. Nimfunge leo nikiwa na drili mkononi, au nimsubiri anivunjikie mbele ya wageni?

Shemeji ameshaniuliza kama hiyo ya ziada nina kazi nayo, eti kivuli cha boti ya rafiki yake kina kola inayofanana na hii, "ni ya inchi, naiona kwa macho." Shemeji, haina ziada. Iko kazini, upande wa kushoto. Rafiki yako mpelekee karatasi.