Riwaya za mapenzi za kuchekesha sio za kupotezea muda

Kuna mwandishi mmoja anasema riwaya za mapenzi za kuchekesha ni za kupotezea muda tu, jamani hapo sikubali kabisa. Jane Austen, mwandishi wa Uingereza, alitoa riwaya yake Pride and Prejudice mwaka 1813 na mpaka leo inasomwa, humo kuna tajiri Darcy anaenda kumposa msichana Elizabeth huku anamwambia ukoo wenu wa chini, na ana uhakika atakubaliwa, anapigwa chini palepale! Unacheka lakini unaona kabisa mtu ana mali ana jina ila heshima hana, baadaye ndo anajirekebisha, anamsaidia mdogo wake Elizabeth kimyakimya bila kujisifu. Waandishi wetu wakitupa riwaya ya hivyo, msichana anakataa kwanza na tunacheka, mi nanunua sikuhiyohiyo.