Mouton Rothschild haukuanzia daraja la kwanza

Nimeisoma makala hii kwa furaha, ila sikubaliani na sentensi inayosema kwamba mvinyo mwekundu wa Mouton Rothschild umekuwa wa daraja la kwanza tangu mwaka 1855. Orodha ya madaraja ya mvinyo wa Bordeaux, Ufaransa, ya mwaka huo, iliyopangwa na madalali kwa kufuata bei za sokoni, iliuweka katika daraja la pili, miaka miwili tu baada ya Nathaniel de Rothschild kulinunua shamba hilo la mizabibu huko Pauillac, na ulibaki hapo hadi mwaka 1973, Jacques Chirac, wakati huo Waziri wa Kilimo, alipotia saini ya kuupandisha.

Kuiruka miaka hiyo 118 ni kumnyima haki yake Philippe de Rothschild, aliyekabidhiwa shamba mwaka 1922 akiwa kijana wa miaka 20. Zama zile mvinyo ulipelekwa ukiwa ndani ya mapipa kwa wafanyabiashara wa Bordeaux, nao ndio walioutia kwenye chupa, hivyo mwenye shamba hakuwa na namna ya kujua mnywaji alipata nini hasa. Yeye aliamua kwamba kuanzia mavuno ya 1924 mvinyo wote utiwe chupani palepale shambani. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko lebo za chupa zilizochorwa na wasanii, zinazosifiwa sana, ingawa ile ya 1945, yenye herufi V ya kuadhimisha ushindi wa vita, hunisisimua kila niionapo picha yake. Namwomba mhariri airekebishe sentensi hiyo.