Mwamuzi Kaona, Kanyamaza

Jamani, refa wa mpira wa miguu tumemtukana sana, kumbe ana nafuu. Yeye akikosea, anakosea kwa sauti. Nendeni Upanga Jumamosi mkaangalie besiboli ndiyo mtajua kunyamaziwa ni nini.

Mkimbiaji yuko besi ya tatu, kituo cha mwisho kabla ya nyumbani kwenye pointi, na timu yake imeshatolewa mtu mmoja, yaani auti moja; zikifika tatu zamu yao ya kupiga imekwisha. Mpigaji kaupaisha mpira juu kuelekea uwanja wa kushoto. Sheria inasema kaa kwenye besi yako mpaka mpira umguse mdakaji. Uguse tu. Hata ukimchezacheza kwenye glovu kabla hajaukamata, ruksa kutimka. Huyu kijana mpira ungali hewani, yeye keshafika nusu ya njia. Mpira ukadakwa, auti ya pili, kijana akakanyaga nyumbani, pointi. Mwamuzi akajikung'uta vumbi kwenye suruali.

Pembeni yangu kakaa mzee mmoja, kofia ya kijani na njano, karanga mkononi.

"Kijana, yule si kaondoka mapema?"

"Kaondoka, mzee wangu."

"Refa kaona?"

"Kaona vizuri sana."

"Sasa mbona hapigi filimbi?"

"Hana filimbi, mzee."

"Kadi?"

"Hana."

"Basi amefuata nini hapa, kuota jua?"

Nikakohoa, nikaweka sauti ya kiwakili. Nikamweleza kwamba hili ni kosa la rufaa: mwamuzi haruhusiwi kulitaja, hata kukonyeza. Timu iliyonyimwa haki ndiyo iupeleke mpira besi ya tatu, mchezaji aikanyage akiwa kaushika, aseme bayana kwamba yule aliondoka mapema. Hapo ndipo mkono wa mwamuzi utanyanyuka, pointi ifutwe na iwe auti ya tatu. Wasipodai kabla ya mrushaji kumrushia mpigaji anayefuata, imekula kwao.

Mzee akasimama, karanga zikamwagika. "Enyi watoto! Ulizeni! Kaona huyo!"

Watoto wakampungia mkono. Bahati nzuri kocha wao naye akazinduka. Lakini mwamuzi alikuwa keshasimamisha mchezo, na mchezo ukishasimama huwezi kukimbia tu na mpira ukadai haki. Unaanza mlolongo: mrushaji apewe mpira, akanyage kibao chake cha kurushia, mwamuzi atangaze mchezo unaendelea, kwa kawaida mrushaji ashuke kibao kwa nyuma, ndipo arushe besi ya tatu. Pakiwa na mkimbiaji mwingine besini, akichezesha mguu vibaya juu ya kibao ikaitwa boki, yaani kosa la mrushaji, rufaa imekufa. Huyu wetu alifuata yote, hatua kwa hatua, mpaka nikajisikia raha. Akashuka kibao. Akageuka. Akarusha.

Mpira ukapita juu ya kichwa cha mwenzake wa besi ya tatu, ukavuka ukuta, ukaenda kutulia chini ya bajaji ya mtu.

"Si kitu," mzee akasema, "watarudia."

"Hawarudii, mzee wangu. Mpira ukitoka nje ya uwanja wakati wa rufaa, mkimbiaji huyohuyo kwa besi hiyohiyo haulizwi tena."

"Kwa hiyo kosa lipo, shahidi yupo, hakimu kaona, na mwizi anaondoka na pointi yake?"

"Ndiyo."

Akaniangalia kana kwamba sheria nimeitunga mimi.

Sikuthubutu kumweleza ya kupiga nje ya zamu. Mtu akimpora mwenzake zamu, mwamuzi na mwandishi wa alama wote wanabana midomo; wapinzani wakidai baada ya yeye kupiga, anayetolewa ni yule aliyestahili kupiga, aliyekuwa kakaa benchi anakunywa maji! Na mpigaji akianza kupiga kisha akalizuia gongo njiani, mdakaji anayechuchumaa nyuma yake anaweza kuomba aulizwe mwamuzi wa besi kama gongo lilipita, lakini ni pale tu mwamuzi mkuu alipoita boli, yaani mrusho mbaya. Akiita straiki, yaani alama dhidi ya mpigaji, mpigaji ameze mate.

Msiniambie habari za video. Mwaka 2010 kule Detroit, Marekani, mrushaji Armando Galarraga kashawatoa watu 26 mfululizo bila hata mmoja kufika besi, kabakiza mmoja tu mechi iwe kamilifu. Mwamuzi Jim Joyce akamwita huyo wa mwisho salama, kumbe mpira ulimtangulia besi ya kwanza. Alipoona picha akakiri, kesho yake machozi yakamtoka. Wakati huo marudio ya video kwenye ligi yao kuu yalikuwa ya kukagua hom-rani tu, ule mpigo unaompa mpigaji pointi moja kwa moja. Hadi 2014 ndipo wakayapanua. Na sisi hapa video ni simu ya mtu yenye kioo kilichopasuka na chaji asilimia nne.

Ukimchunguza vizuri mwamuzi huyu ni konda. Chenji yako anaijua, kaikunja katikati ya vidole, anaangalia dirishani. Ukidai unapewa. Ukishuka kimya, gari hilo linaondoka. Halafu siku hizi wana mtindo mwingine kabisa: anatoa noti moja, anampa dada aliyekaa mbele yako, "Elfu hiyo, gawana na huyo kaka." Gawana vipi? Simjui dada wa watu, hana chenji, mimi sina chenji, kavaa spika masikioni, nagonga bega anadhani namtongoza, gari zima linageuka kuniangalia. Mimi nashuka kwa Azizi Ally, yeye anaenda Rangi Tatu, na noti keshaitia kwenye pochi.