Tanystropheus: mvuvi wa ufukweni au mviziaji wa majini?

Tanystropheus alikuwa mtambaazi wa kipindi cha Triasi, takriban miaka milioni 242 iliyopita. Wakubwa walifika mita tano hadi sita, na nusu ya urefu huo ni shingo. Mifupa yake iliyohifadhika vizuri zaidi imetoka Monte San Giorgio, mpakani mwa Uswisi na Italia. Pingili za shingo ni ndefu mno hata watafiti wa mwanzo walizidhania vidole vya bawa la mtambaazi arukaye. Mtaalamu wa visukuku Bernhard Peyer alimaliza ubishi huo mwaka 1929 alipopata kiunzi kamili cha mifupa. Uliobaki ni huu: aliwinda akiwa ndani ya maji, au alisimama ufukweni akatupa shingo kama ndoana?

Wanaomweka ufukweni huanzia kwenye miguu. Haikugeuka makasia kama ya ikithiosaria, watambaazi wa baharini waliofanana na pomboo, na mkia si bapa wa kusukumia maji. Mtafiti Silvio Renesto alionyesha pia kwamba sehemu ya nyuma ya mwili ilikuwa nzito, hivyo mnyama angeweza kuinua shingo asipinduke. Sawa, lakini kuweza kusimama nchi kavu si kuwindia huko.

Shingo yenyewe inawakwamisha. Ina pingili 13 (twiga ana 7), na chini yake zimelala mbavu nyembamba kama njiti, kila moja ikivuka pingili kadhaa na kulaliana na zinazofuata. Hapo unapata ufito, si kamba. Haikunjiki kama ya korongo, na majini uzito wake hubebwa.

Fuvu nalo lilikuwa limepondwa, hadi mwaka 2020 Stephan Spiekman na wenzake walipolipiga picha za eksirei na kuliunga upya kwenye kompyuta. Matundu ya pua yako juu ya mdomo, kama ya mamba. Meno ya mbele ni marefu na yanapishana: mtego hasa wa samaki na ngisi. Pete za ukuaji ndani ya mifupa zikaonyesha kuwa wale wadogo wa mita moja na nusu, waliodhaniwa watoto, ni wanyama waliokomaa wa spishi nyingine.

Kwangu mimi, wanaomweka majini wanashinda, ila si bahari kuu. Mwili huu haukuumbwa kumfukuza samaki. Ulimvizia karibu na pwani, kichwa kidogo kikitangulia na kiwiliwili kikibaki mbali. Shingo hiyohiyo ilimponza: utafiti wa mwaka 2023 ulieleza vielelezo viwili vilivyobaki kichwa na kipande cha shingo tu, na kwenye kile kikubwa alama za meno ziko palepale mfupa ulipokatika.