Kuvua trauti kwa flai: pesa weka kwenye laini, rodi baadaye

Kila nikimwambia mtu navua trauti, wale samaki wa mito baridi ya milimani, kwa flai, yaani ndoano iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu, swali la kwanza ni bei, halafu anaongeza eti si huo ni mchezo wa wazungu. Naelewa inatoka wapi. Hawa samaki wenyewe waliletwa na setla, Ewart Grogan, mwaka wa 1905, mayai yakatoka Loch Leven huko Uskoti na samaki wakatiwa mto Gura pale milima ya Aberdare. Lakini mto ni wetu na trauti bado wamo, na mimi nasema kijana wa Nyeri au Murang'a anaweza kuanza na pesa kidogo kabisa, bora ajue ya kuweka wapi.

Weka kwenye laini, yaani ule uzi wa kurushia flai. Mimi nilianza vibaya, pesa yote ikaishia kwa rodi, ile fimbo ya kuvulia, na rili za kung'aa za kukunjia laini, laini nikachukua ile ya bei ya chini kabisa, ikawa inajikunja kama springi na inazama, na miezi mitatu mizima nikawa nadhani mkono wangu ndio mbovu, karibu niache. Ukivua kawaida ziwani chubwi ndiyo inabeba uzi kwenda mbali. Huku ni kinyume, flai ni manyoya tu haina uzito, kinachorushwa ni laini yenyewe, ndio maana ni nene na imepakwa plastiki, rodi kazi yake ni kupinda na kuisukuma. Laini mbaya hata rodi ya mamilioni haitakusaidia. Tafuta boksi imeandikwa WF5F: hiyo 5 ni uzito, ilingane na namba iliyoandikwa kwa rodi juu ya mshiko, WF ni kwamba uzito umekusanywa mbele, F ya mwisho ni inaelea. Rodi ya mtumba isiyo na ufa inatosha. Rili ni ya kuhifadhi laini tu, trauti wa mto mdogo unamvuta kwa mkono.

Mazoezi fanyia uwanja wa mpira, mahali pa flai funga kipande cha uzi wa sweta, na tafadhali ipe laini nafasi inyooke nyuma kabla hujasukuma mbele, wengi hapo ndipo wanaharakisha.

Na flai usinunue nyingi, jifunze kufunga. Jogoo akichinjwa omba ngozi ya shingo kabla haijatupwa, yale manyoya marefu membamba ndiyo hayo hayo watu wanauziwa kwa pakiti, ukiongeza uzi wa cherehani na ndoano ndogo namba 12 au 14 uko sawa. Yangu ya kwanza ilikaa kama uchafu wa sweta na trauti akaichukua, sitasahau ile siku, nilitetemeka magoti.

Kuingia mtoni vaa raba za zamani, usivae gambuti, Gura inaenda kasi na gambuti zikijaa maji zinakuwa nzito, kutembea inakuwa shida. Trauti anaangalia maji yanakotoka, kwa hivyo mjie kutoka chini, nyuma yake, na kivuli chako kisimfikie. Leseni lipa, na ndani ya hifadhi nenda na askari wa wanyama maana kuna ndovu na nyati, hilo si la kubania pesa.

Mvua ya Aprili ikipiga mto unakuwa tope na flai haionekani, usianze hapo ukakata tamaa bure. Anza Januari au Februari maji yakiwa safi, tena Krismasi ndiyo majogoo wengi wanachinjwa, kwa hivyo ongea na majirani mapema wakuwekee shingo.