Maeneo Machache Ni Kwangu

Taarifa ya hali ya hewa ya juzi usiku ilisema kwamba mikoa ya Dar es Salaam, Pwani na Tanga, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba, itakuwa na mawingu, mvua na ngurumo katika maeneo machache, na vipindi vya jua. Nimeisikia sentensi hiyo kila Masika tangu nihamie Tabata, na sasa ninaamini kwamba hayo maeneo machache yana anwani, na anwani yenyewe ni yangu. La kwanza liko juu ya kochi langu la wageni, la pili ni njia ya kwenda kituoni, na la tatu ni popote nitakaposimama na bahasha ya kaki mkononi.

Sina ugomvi na watabiri. Walishatueleza kwamba ifikapo Machi jua la utosi huvuka Ikweta kwenda kaskazini, Ukanda Mvua, yaani ule mkanda wa mawingu yaletayo mvua, nao hulifuata, na katika kulifuata huko lazima upite juu ya vichwa vyetu mpaka Mei. Ninachosema ni kwamba hata daladala inayosubiri abiria wa siti ya nyuma haikai kituoni miezi mitatu.

Kinachoniumiza ni milimita. Ukitajiwa milimita 50 kwa saa 24 unatazama kidole chako na kuona si kitu, ila mimi nilifanya kosa la kuchukua kalamu. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, na sebule yangu ni mita tatu kwa nne. Kwa hiyo bati lililo juu yake hupokea lita 600, yaani ndoo kubwa 30, na fundi aliyelipiga aliacha tundu la msumari usawa wa kichwa cha mgeni. Januari nilikuwa nikinunua maji kwa dumu na kuwagombeza watoto kwa kunawa miguu mara mbili. Sasa ninayakinga kwa sufuria la pilau, kwa beseni la kufulia na, mke wangu asisikie, kwa lile bakuli la udongo alilozawadiwa kwenye kicheni pati.

Ngurumo nazo zina utaratibu wake. Radi ya kwanza ikipiga, mama mkwe hufunika kioo cha kabati kwa kanga na kuamuru televisheni ichomolewe ukutani, na daima huwa ni dakika ileile utabiri unapoanza, hivyo nyumba yetu hukosa kujua kama kutakuwa na radi kwa sababu ya radi.

Jana asubuhi niliamka na kukuta jirani, ambaye miezi tisa ya mwaka hunisalimia kwa adabu na kuniulizia familia, amengoja mvua ya usiku ili atapishe choo chake mtaroni. Hilo sitalieleza zaidi, kwa kuwa wengine mnasoma mkiwa mezani. Tena Barabara ya Morogoro ilikuwa imefungwa pale Jangwani, ambako Mto Msimbazi hurudi kila mara kudai bonde lake, na magari yaliyokosa pa kupita yalikuwa yameamua kupita Tabata.

Kabla sijafika kituoni nilikuta dimbwi upana wa uwanja wa netiboli, na ng'ambo yake foleni ya watu wakavu wakinitazama. Kijana mmoja mwenye mabuti akainama mbele yangu. "Mzee, panda mgongoni, shilingi 500 tu." Nina kilo 91, na suruali ilikuwa imetoka kupigwa pasi, nikavua viatu, nikapanda. Tulipofika katikati, maji yakiwa yamempita magoti, alisimama, akahema kama bajaji inayopanda mlima, kisha akasema kwa upole kabisa, "Mzee wangu, wewe ni elfu moja."

Tulikuwa bado tunapatana, nimemkumbatia shingoni, viatu mkono mmoja na bahasha mkono mwingine, mawingu yalipoachana na jua likatuwakia sisi wawili mbele ya kituo kizima. Ndipo nikakumbuka kwamba vipindi vya jua navyo vilitangazwa. Nikampa elfu moja yake.