Stika ya private, mgongoni lumbesa za waru

Jirani yangu hapa Njoro alikuwa na pikap na kwa kioo ya mbele ilikuwa na stika ya bima ya private. Jumanne na Ijumaa inashuka na waru kutoka Mau Narok hadi soko Nakuru, magunia ni ya lumbesa, yaani yamejazwa kupita mdomo, na yamepangwa mpaka yamepita kebini, springi za nyuma zimeongezwa kwa jua kali ndio isikae chini, na Jumamosi kukiwa na matanga inabeba waombolezaji. Siku moja ikagonga kijana wa boda kwa kona, mguu ukavunjika mara mbili, na watu wa bima wakauliza kitu kimoja tu, siku hiyo ilikuwa imebeba nini na mzigo ni wa nani. Waru ilikuwa ya broka. Basi wakasema hawalipi, hiyo gari haikuwa kwa kazi iliyokatiwa bima.

Watu wengi hapa hudhani gari ya biashara ni lori na matatu. Sheria ya Trafiki, Cap 403, haianzi na ukubwa. Inaangalia kama gari imeundwa ama imebadilishwa kubeba mizigo ya biashara ama kilimo, kwa hivyo pikap nyingi tu ziko ndani. Uzito unakuja baadaye, ile gari ambayo ikiwa tupu inapita kilo 3,048 ndio inahesabiwa nzito na inafungwa speed gavana ya kilomita 80 kwa saa. Bima nayo ina mpango wake, kuna ya private, kuna ya kubeba mizigo yako mwenyewe, na kuna ya kubeba ya watu kwa malipo, na hiyo ya mwisho ndio inauma mfuko.

Mwenye pikap ana hoja na mimi naiheshimu. Mtu anapeleka mahindi yake sokoni mara mbili kwa mwaka, siku zingine gari inapeleka watoto shule, ukimwambia akate bima ya kusafirisha mizigo ya watu unamwonea. Lakini huyo kijana wa boda hajui na hawezi kujua stika ya gari inayomjia inasema nini, yeye anajua mguu. Mimi naona tupime kwa kazi ambayo gari inafanya kila wiki, kama inalipwa kubeba, hiyo ni ya biashara, hata kama ni pikap ya mzee wa kanisa. Na hapo naweka pia trekta za miwa huko Muhoroni na Mumias, zinavuta trela usiku miwa imening'inia pande zote na nyuma hakuna taa hata moja, halafu mwenyewe anakwambia ni mashine ya shamba. Barabarani usiku na mzigo wa malipo, shamba iko wapi hapo?

Sasa kwa ajali yenyewe, nani abebe? Kwetu anakamatwa dereva kwanza, kama hajatoroka. Na dereva ana makosa, tusimtetee bure. Pale Salgaa watu wameongea miaka mingi juu ya lori kushuka na fri, unatoa gia ili kuokoa mafuta, injini haisaidii tena kushikilia uzito, breki zinafanya kazi peke yake zinapata moto mpaka zinakataa, na hiyo lori iko na tani zaidi ya ishirini nyuma. Lakini uliza mafuta anaokolea nani. Wengine wanauza, ni ukweli, na wengine wamepimiwa lita na mwenye gari na zikiisha njiani ni shida yake.

Ndio maana sheria inamfuata mwenye gari. Jina lililo kwa logbuku linachukuliwa kuwa la mwenyewe mpaka athibitishe vingine, kwa hivyo wewe uliyeuza lori ukaacha kubadilisha jina kaa macho. Na bima ya lazima chini ya Cap 405, ile sheria ya bima ya kulipa watu wengine ambao gari imeumiza, mwisho wake ni milioni 3 kwa madai ya mtu mmoja, kortini wakiamua zaidi, inayobaki inamgonga mwenye gari.

Kuna wanaosema mwenye gari anaonewa, barabara zetu ndio mbaya na watu wanauza kando yake. Londiani Junction, tarehe 30 Juni 2023, lori ilipoteza mwelekeo ikaingia kwa matatu, boda na akina mama waliokuwa wanauza kando, wakafa zaidi ya watu 50. Serikali ikasema masoko yatoke kando ya barabara. Ni sawa, lakini wale mama walikaa pale kwa sababu hapo ndio gari husimama, na kumlaumu marehemu kwa mahali alikaa mimi siwezi.

Mwenye mzigo ndiye anayeponyoka kila mara. Mama wa soko anayetafuta gari yoyote stejini hawezi kukagua breki, huyo tumwache. Yule anayepanga uzito na saa ya kufika, huyo ajibu pamoja na mwenye gari.

Jirani alimlipa kijana wa boda polepole, ng'ombe mbili zikaenda, mwisho pikap yenyewe ikauzwa. Yule broka, aliyelazimisha lumbesa wakati gunia ya waru kisheria haifai kupita kilo 50, akatafuta pikap nyingine wiki hiyo hiyo, na hakuna afisa aliyemuuliza hata jina.